Nundu za F na J: Historia ya Kupiga Chapa Bila Kutazama

Fumba macho, kisha pitisha vidole vya shahada kwenye safu ya katikati ya kibodi ya kompyuta. Vitagota kwenye F na J, kwa sababu vitufe hivyo viwili vina kinundu kidogo. Hapo mkono unajua ulipo, na herufi nyingine zote hutafutwa kuanzia hapo. Wengi wametumia kompyuta miaka na miaka bila kuuliza vinundu hivyo ni vya nini. Kuandika kwa kugusa kulianza zamani kuliko kompyuta, na wasioona wamo katika historia hiyo tangu mwanzo.

Mapema katika karne ya 19, huko Italia, Pellegrino Turri alimtengenezea Carolina Fantoni, mwanamke wa ukoo wa kikabaila aliyekuwa haoni, mashine ya kuandikia barua. Mashine yenyewe imepotea, ila baadhi ya barua zilizoandikwa kwayo, za tangu mwaka 1808, zimehifadhiwa. Baadaye, mjini Copenhagen, mchungaji Rasmus Malling-Hansen, mkuu wa shule ya viziwi, aliona wanafunzi wake wakitaja herufi kwa vidole upesi kuliko mtu anavyoandika kwa kalamu. Akaunda mashine yenye vitufe 52 juu ya nusu tufe, akaisajili mwaka 1870. Alifanya majaribio ili herufi zinazotumika zaidi ziangukie vidole vyepesi. Irabu akaziweka kushoto, konsonanti kulia. Jaribu kuandika “karibu” kwa mpangilio huo: kulia, kushoto, kulia, kushoto, mikono ikipokezana hadi mwisho wa neno. Sijui lugha ambayo ingefaidi mpangilio huo kuliko Kiswahili. Mwanafalsafa Friedrich Nietzsche, macho yake yakiwa yanafifia, aliitumia mashine hiyo mwaka 1882.

Lakini iliyotawala dunia ni nyingine. Christopher Latham Sholes na wenzake wa Milwaukee, Marekani, walipata hataza yao mwaka 1868, na kampuni ya Remington ikaanza kuuza taipureta hiyo mwaka 1874. Mpangilio wa QWERTY tulionao leo umetoka huko. Haukukusudiwa vidole kumi, kwa kuwa wakati huo watu walidonoa kwa vidole viwili vitatu huku wakikodolea vitufe. Ndiyo maana herufi A, ambayo Kiswahili huitumia kuliko zote, ikaangukia kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kilicho dhaifu.

Kilichofungua njia ya kuandika bila kutazama ni kitufe cha shifti, kilichokuja na Remington namba 2 mwaka 1878. Kitufe kimoja kikabeba herufi kubwa na ndogo, safu zikabaki chache, vidole vikazifikia zote bila mkono kuhama. Mshindani wake, Caligraph, alikuwa na kitufe cha peke yake kwa kila herufi kubwa na kingine kwa kila ndogo, uwanja mpana ambao mikono haikuweza kuukariri kwa urahisi. Mwaka 1882 Elizabeth Longley wa Cincinnati alichapisha masomo ya kutumia vidole vyote, na wengi walimpinga.

Ubishi ulifika kilele katika mji huohuo tarehe 25 Julai 1888. Frank McGurrin, mwandishi wa mahakama kutoka Salt Lake City, alishindana na Louis Traub: dakika 45 za kuandika kwa imla na 45 za kunakili. McGurrin alikuwa na Remington na alikariri vitufe vyote. Traub alitumia Caligraph. McGurrin alishinda, na siri ilikuwa kwenye kunakili: macho yake hayakubanduka kwenye karatasi, ilhali mwenzake alilazimika kuinua na kuinamisha kichwa. Tangu hapo vyuo vikafuata, na kwetu Tanzania, wahazili waliofundishwa Tabora walijifunza kazi kwa msingi huo.

Mwaka 1936 August Dvorak alisajili mpangilio mwingine, aliouona kuwa bora zaidi, ukashindwa na mazoea. Sura ya vitufe ndiyo iliyoendelea kuboreshwa: vikatiwa kibonyeo kidogo katikati ili ncha ya kidole itulie, vikapewa springi yenye mlio na mshtuko mdogo unaokijulisha kidole kwamba herufi imeingia, kama katika kibodi ya IBM Model M ya mwaka 1985. Kwa wasioona, mashine iliyobuniwa na David Abraham katika shule ya Perkins, Marekani, ilianza kutengenezwa mwaka 1951. Ina vitufe sita tu vya nukta nundu, vitatu kila upande, na vidole havihami kabisa.

Simu za kioo zimeondoa yote hayo. Kioo hakina ukingo wala kinundu, macho yamerudishwa kazini, na kidole gumba kinadonoa kama vidole vya mwaka 1874. Anayestahili sifa ni aliyeweka kwenye simu kibodi ya nukta nundu, ambapo mtu asiyeona hutandaza vidole sita juu ya kioo na simu ikaufuata mkono wake.

Wanaonunua kompyuta za shule, wapapase F na J kabla ya kulipa, na wahakikishe vitufe vina mshtuko unaosikika kidoleni. Na walimu wa TEHAMA waanzie hapo somo la kwanza, kabla mtoto hajazoea kudonoa.