Chungwa la Maramba na kaboni hewa

Msimu ukikolea, Maramba hunukia machungwa. Kando ya barabara, chini ya milima ya Usambara Mashariki, muuzaji anamenya kwa kisu, ganda likishuka kama utepe mmoja mrefu, la kijani ingawa tunda limeiva. Utotoni tuliyaokota maganda hayo, tukayakunja karibu na kibatari: rasharasha ikaruka, moto ukalipuka, mama akafoka. Tulichokuwa tukiunguza ni limonini, ambayo ni zaidi ya asilimia 90 ya mafuta ya ganda la chungwa.

Wanakemia huiandikia limonini hiyo herufi R, na namna ilivyoipata ni kisa.

Mwaka 1848 Louis Pasteur alichambua fuwele za chumvi moja, moja moja kwa mkono, akapata mafungu mawili yanayofanana kama kiganja cha kulia na cha kushoto. Mwaka 1874 van 't Hoff na Le Bel, kila mmoja kivyake, wakaeleza sababu: kaboni iliyoshikana na makundi manne tofauti inaweza kupangika kwa namna mbili. Kilichosumbua ni majina. Herufi D na L za Emil Fischer ziliwafaa watu wa sukari, kwingineko zikavuruga.

Ndipo Robert Cahn, mhariri wa majarida ya kemia London, na Christopher Ingold wa University College wakachapisha utaratibu wao mwaka 1951. Mwaka 1956 akaungana nao Vladimir Prelog wa Zurich, mzaliwa wa Sarajevo, aliyekuja kupata Nobel mwaka 1975.

Kanuni yao ni ya foleni. Atomi yenye namba kubwa ya atomiki hutangulia: oksijeni mbele ya kaboni, kaboni mbele ya haidrojeni. Zikilingana, unasogea hatua moja ukalinganishe majirani. Ukimaliza, wa mwisho unamweka upande wa mbali nawe, unasoma wa kwanza hadi wa tatu. Wakizunguka kama mshale wa saa ni R, kinyume chake S. R ni rectus, Kilatini cha "nyoofu". Cha "kulia" ni dexter, lakini D ilishakuwa na mwenyewe.

Kazi ilikuwa kwenye bondi maradufu. Kaboni iliyomshika mwenzake kwa mikono miwili, ihesabiwe ina jirani mmoja au wawili? Wakaamua wawili: kila upande unaandikiwa nakala ya mwenzake. Sisi Watanzania kitu hicho tunakijua, maana tumeishi na watumishi hewa: jina limo kwenye orodha ya mishahara, mtu hayupo. Hii basi ni kaboni hewa, ila imeandikwa kwa ridhaa ya wote, na nyuma yake hujazwa sifuri.

Turudi kwenye chungwa. Kaboni inayogombewa imeshika haidrojeni, tawi dogo na pande mbili za pete ya kaboni sita. Tawi linatangulia, haidrojeni inakuwa mkia, hapo hakuna ubishi. Pande za pete ndizo zinazotoka sare hatua ya kwanza: kila mmoja una kaboni moja na haidrojeni mbili. Hatua ya pili, upande mmoja unafika kwenye bondi maradufu na kuhesabiwa kaboni, kaboni hewa na haidrojeni. Mwenzake una kaboni moja na haidrojeni mbili. Kaboni hewa inaamua mechi. Isingekuwepo, haidrojeni ya ziada ya upande wa pili ingeshinda, na chungwa lingeandikwa S. (Wanaofundisha kwamba R ni chungwa na S ni limau wanapotosha; ganda la limau nalo lina R kwa wingi.)

Mmea wa kisibiti una kituko zaidi. Hutengeneza limonini hiyo hiyo ya R, kisha hupachika oksijeni kwa bondi maradufu upande ule wa pete uliokuwa umeshindwa, ikawa karvoni. Oksijeni na nakala yake hewa zinaupandisha upande huo, foleni inapinduka, herufi inakuwa S, na kaboni yenyewe haijaguswa.

Karvoni ya R, yenye harufu ya nanaa kwenye dawa ya meno, viwanda huitengeneza kutokana na limonini ya maganda ya machungwa. Maramba maganda yanabaki pale pale miguuni mwa muuzaji, mpaka mbuzi wapite.