Bima Iliyofungwa kwa Mdosi

Ukifutwa kazi Marekani, hupotezi mshahara pekee. Mara nyingi bima ya afya huenda nao, yako na ya watoto wako. Aprili 2020, corona ilipofunga maduka na mahoteli, ajira zaidi ya milioni 20 zilipotea kwa mwezi mmoja. Yaani watu walivuliwa kinga ya hospitali wakati ule ule ugonjwa umesimama mlangoni. Nchi tajiri namna hiyo ilifikaje hapo? Unaweza kudhani kuna wakubwa walikaa chini wakapanga. Ukifuata historia, unakuta mambo yalijipanga yenyewe, hatua kwa hatua, hadi ikawa vigumu kuyapangua.

Tuanze Dallas, Texas, mwaka 1929. Justin Ford Kimball aliwahi kusimamia shule za mji huo kabla ya kukabidhiwa hospitali ya Baylor. Alipopekua madeni ya hospitali, akakuta walimu wengi wameshindwa kulipa. Akawapa mpango: kila mmoja atoe senti 50 kwa mwezi, na akilazwa, atatunzwa hadi siku 21. Sisi tungeiita chama. Kila mtu anatoa kidogo ili atakayebanwa asibaki peke yake. Hospitali nyingine zikaiga, na humo ndimo ilimozaliwa bima ya Blue Cross.

Kisha vita vikaja. Mwaka 1942 serikali ya Roosevelt ilidhibiti mishahara ili bei zisipande kiholela. Viwanda vilikuwa na njaa ya wafanyakazi, vijana wengi wako vitani, lakini mdosi hangeweza kumvuta mtu kwa kumwongezea pesa. Kulikuwa na mwanya mmoja: bima ya afya haikuhesabiwa kuwa mshahara. Basi kampuni zikaigeuza chambo. Mwaka 1954 sheria ya kodi ikapiga muhuri, kwamba pesa ambazo mwajiri anakulipia bima hazitozwi kodi. Mwaka 1940, Wamarekani wenye bima hawakufika hata mmoja kati ya kumi. Kufikia katikati ya miaka ya 1950, walikuwa zaidi ya nusu.

Mbinu ya wakati wa vita ikawa nguzo ya nyumba nzima. Lakini angalia nani alibaki nje: kijakazi, kibarua wa shambani, mzee aliyestaafu, fundi anayejitegemea, na mke ambaye bima yake ilikuwa ya mume, na mume kashaondoka.

Harry Truman aliliona pengo hilo mapema. Novemba 1945 aliliomba Bunge la Congress lianzishe bima ya taifa kwa wote. Chama cha madaktari, AMA, kikaja juu. Kilitoza wanachama wake dola 25 kila mmoja, kikaajiri mtu na mkewe kutoka California, Clem Whitaker na Leone Baxter, mafundi wa kampeni za siasa. Wawili hao waliubandika mpango wa Truman jina la usoshalisti, na kwa kuwa Vita Baridi vilikuwa vimeanza, jina lilitosha. Papo hapo wakawahimiza watu wanunue bima binafsi. Mpango ukafa.

Vyama vya wafanyakazi, vikiona serikali haisongi mbele, vikawageukia waajiri. Mkataba wa 1950 kati ya wafanyakazi wa magari na General Motors uliwapa bima, na viwanda vingine vikafuata. Huwezi kuwalaumu, watoto wao walikuwa wanaugua. Ila ukweli ni kwamba wenye misuli ya kupigania bima ya wote sasa walikuwa na yao mfukoni.

Tangu hapo mageuzi yamekuwa kazi ya viraka. Tarehe 30 Julai 1965, Lyndon Johnson alisaini Medicare kwa wazee na Medicaid kwa maskini. Alisafiri hadi Independence, Missouri, ili kadi ya kwanza impe Truman mwenyewe, aliyekuwa na miaka 81. Bill Clinton alipojaribu mageuzi makubwa mwaka 1993, kampuni za bima zilirusha matangazo ya TV ya Harry na Louise, mume na mke mezani kwao, wakihofia serikali itawavurugia bima. Tangazo hilo halikuwalenga wasio na bima. Liliwalenga walio nayo, na liliwapata. Mwaka 1994 mswada ulizikwa.

Barack Obama alijifunza. Sheria aliyosaini tarehe 23 Machi 2010 haikuigusa sana bima ya kazini. Iliijengea vibanda pembeni. Ilipanua Medicaid, ikatoa ruzuku, ikawaruhusu vijana kubaki kwenye bima ya wazazi hadi wafike miaka 26, na ikakataza kampuni kumfukuza mtu kwa sababu tayari ni mgonjwa. Wasio na bima walishuka kutoka zaidi ya milioni 45 hadi chini ya milioni 30.

Halafu Republican wakataka kuifuta. Alfajiri ya 28 Julai 2017, seneta John McCain, mmoja wao, akiwa anaugua saratani ya ubongo, aligeuza kidole gumba chini. Mswada ukaanguka, kura 49 kwa 51. Hofu ile ile ya kunyang'anywa, iliyommaliza Clinton, safari hii ilimwokoa Obama. Mamilioni walikuwa na kadi mkononi, na hawakuwa tayari kuirudisha.

Hapa kwetu, NHIF nayo ilianza mwaka 1966 na watu wa mshahara. Leo SHIF inamkata mwajiriwa asilimia 2.75 hata kabla hajaiona pesa, huku sisi wa vibarua tukitakiwa kutoa ya mwaka mzima kwa mkupuo. Kwa hivyo tukisikia habari za mageuzi, ya Washington au ya Nairobi, tuulize kwanza yamejengwa kumzunguka nani. Marekani bado ina watu zaidi ya milioni 25 wasio na bima yoyote. Walio ndani wanajua kuitetea yao. Wa nje bado wanasubiri wa kuwatetea.