Kuungua na Kuunguza

Neno klachi, tulilolipokea pamoja na kifaa chenyewe, halina taabu. Taabu imo katika kitenzi kinachofuatana nalo. Lori la gia za mkono linapozama katika udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika, na dereva, kwa kuchelea injini isije ikazimika, akaikanyaga klachi nusu huku akizidisha mafuta, pleti iliyo ndani husuguana pasina kushikamana, na nguvu iliyopasa kufika magurudumuni hugeuka harara, hata ikasikika harufu kali ya mfano wa kamba inayoteketea.

Hapo dereva husema, "Tajiri, klachi imeungua," naye tajiri humjibu, "Umeiunguza." Herufi moja ya z ndiyo kesi nzima: kuungua hakumtaji mtenda, kuunguza humshika shati, nami, ingawa nawahurumia madereva, naona tajiri ndiye mwenye hoja, maadamu mguu ule hauna mwenyewe mwingine.

Hata hivyo aghalabu wote wawili huharakisha kuhukumu, kwani klachi iliyonuka mara moja huenda imepata moto tu, na ikiachwa ipoe, tope likachimbuliwa na matawi yakatiwa chini ya matairi, kisha lori likaondolewa kwa namba moja na mguu ukatoka kabisa juu ya pedali, huweza kushika tena kama ada. Iliyoungua hasa ni ile ambayo, hata mguu ukiwa mbali nayo, injini hupiga kelele na gari lisiongeze mwendo.