Ziwa Nyasa Lilipokuwa Uwanja wa Ndege
Kati ya 1949 na 1950, ndege za abiria za BOAC, shirika la ndege la Uingereza, aina ya Short Solent, zikitoka Southampton kwenda Afrika Kusini, zilitua majini Cape Maclear, Malawi, kusini mwa Ziwa Nyasa. Wapo watakaosema historia hiyo ni ya Malawi, tena ya matajiri wachache. Nauli ilikuwa ya wenye nacho, ni kweli. Lakini kilichowezesha safari ni ziwa lenyewe, na ghuba zilizokingwa dhidi ya mawimbi, kama ile ya Mbamba Bay upande wa Tanzania, ndizo utajiri wake. Viwanja vya nchi kavu vilipoenea, Solent zikaachwa. Mbili zimehifadhiwa Auckland na Oakland. Kumbukumbu ya ndege hizo inastahili kutunzwa ziwani pia.