Akademi Yetu Ni Bweni la Shule



Novemba 2024, wanawake wa TP Mazembe walichukua Ligi ya Mabingwa ya Afrika kule Morocco, wakiifunga AS FAR 1-0. Sisi tuliotoka Kongo tulipiga kelele mpaka majirani wakatoka nje. Ila baada ya shangwe, dada zetu wa timu walituuliza swali ambalo hatukuwa na jibu lake: "Na sisi, akademi yetu iko wapi?"

Tukaanza kufuatilia historia. Tuseme ukweli, tulidhani akademi ni nyasi za kijani, taa na viatu vipya. Siyo hivyo.

Tuanze mbali, Barcelona. Klabu ile ina nyumba ya kulelea wachezaji, inaitwa La Masia. Ilifunguliwa 1979. Mtoto analala humo, anakula humo, anasoma, halafu anafanya mazoezi. Iniesta alikulia pale. Lakini vitanda vyote vilikuwa vya wavulana. Wasichana wa kwanza kuhamia La Masia waliingia 2021, na walikuwa tisa tu. Hesabu mwenyewe: miaka 42!

Aitana Bonmatí, ambaye baadaye alishinda Ballon d'Or 2023, alijiunga na Barcelona 2012 akiwa na miaka 14. Kitanda hakuna. Kwa hiyo alikuwa anasafiri kutoka mji wao mdogo kwa usafiri wa abiria, baba yake akimsindikiza, kwenda na kurudi. Kipaji alikuwa nacho. Na bahati yake ni kwamba alikuwa na mzazi wa kumsindikiza.

Sasa turudi Uganda. FUFA ilianzisha ligi ya wanawake, Women Elite League, msimu wa 2014/15. Katika miaka ya mwanzo, timu iliyotamba ni Kawempe Muslim. Hiyo ni timu iliyozaliwa ndani ya shule ya sekondari pale Kampala. Haikuwa na jumba la kifahari. Ilikuwa na madarasa, bweni, uwanja na kocha, Ayub Khalifa. Juliet Nalukenge alitokea hapo. Mwaka 2019 timu ya Uganda ya wasichana chini ya miaka 17 ilishinda kombe la COSAFA huko Mauritius, na yeye ndiye aliyekuwa mfungaji bora. Baadaye akaenda kucheza Cyprus.

Mnaona hapo? Wakati wasichana wa Barcelona bado wanarudi kulala kwao, hapa Uganda bweni la shule lilikuwa tayari linafanya kazi ya akademi. Jina hilo halikuwepo, lakini kazi ilikuwepo.

Kwa mvulana mambo ni tofauti kidogo. Onduparaka ya hapa Arua ilipopanda ligi kuu 2016, kila kijana wa mtaani aliamini kuna mtu atamwona akicheza jioni. Msichana nani anamwona? Jioni yeye yuko kisimani, au jikoni, au amebeba mtoto wa dada yake. Anayemwona ni mwalimu wa michezo, na mwalimu yuko shuleni. Agosti 2019 Arua ilipokea michezo ya shule za sekondari za Afrika Mashariki. Wasichana walikuja kutoka nchi jirani kucheza mbele ya macho yetu. Lakini asiyekuwa na shule alibaki kuwa mtazamaji.

Halafu ikaja korona. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020, na madarasa yote hayakufunguliwa tena mpaka Januari 2022. Karibu miaka miwili. Mipira ilikuwepo, viwanja vilikuwepo, lakini timu za wasichana zilikufa. Wengine waliolewa, wengine wakawa mama, wengine wakaingia sokoni na hawakurudi. Hapo ndipo tulielewa kwamba shule ndiyo ilikuwa inawashika pamoja.

Ndiyo maana tunaandika. Kule Lobule, Rhino Camp na Imvepi, shule za msingi zipo. Shida inaanza baada ya P7. Sekondari ni chache, ni mbali, na karo inatafutwa kwa jasho. Kwenye timu yetu kulikuwa na kipa, mrefu, mikono kama gundi. Alimaliza P7, karo ikakosekana, na leo anauza samaki sokoni. Jezi yake bado tunayo.

Wakubwa wetu wa mashirika, tunawashukuru kwa mipira, jezi na mashindano ya Siku ya Wakimbizi. Hatukatai. Lakini mashindano yanaisha saa kumi na mbili jioni, na msichana anarudi nyumbani bila kitu. Bei ya kombe na mahema ya siku moja, ihesabuni upya kwa karo. Tutafutieni nafasi za bweni kwenye sekondari yenye timu ya wasichana, na mwalimu mwanamke wa kuwaangalia. Mkianza na wawili, inatosha kuanza. Barcelona wenyewe walianza na tisa.

Na nyinyi dada zetu: mazoezi ni muhimu, lakini daftari pia ni kiatu cha mpira. Usikivue.