Kufiwa

Tulikuwa tunasoma Nyota ya Rehema, riwaya ya Mohamed Suleiman Mohamed ya mwaka 1976, nikaandika pembeni mwa daftari: Rehema kafiwa, kisha kadhulumiwa. Nilikuwa nafupisha kisa tu. Usiku ndipo sentensi ile iliponinyima usingizi.

Kufa hakuna yambwa. Huwezi kumfa mtu. Tia i, upate kufia, na mara kifo kina wa kumwangukia: mtoto amemfia mikononi. Tia w, upate kufiwa, na sasa anayezungumziwa ni aliyebaki hai, aliyeketi jamvini akipokea pole. Marehemu kasogezwa nyuma ya neno "na": amefiwa na mama. Kisarufi, basi, marehemu ndiye mtenda! (Mwalimu wangu atataka kunirekebisha hapa; aniache kidogo.)

Kudhulumiwa nako kuna w ileile na "na" ileile. Tofauti iko kwa anayesimama baada yake. Mama yake Rehema alifariki katika uzazi. Hana la kujibu. Waliomnyang'anya binti shamba la baba yake wana majina, wanakula, wanalala. Ndiyo maana machozi ya riwaya hii hayana ladha moja: mengine ni ya huzuni tupu, mengine yana hasira ndani yake.

Tulipoandika insha, wengi wetu tuliandika "Rehema alidhulumiwa", tukaweka nukta. Ile "na" tukaiacha nje. Nami nilikuwamo.