Ndui Ilipobaki Maabara

Kwenye simulizi tunayoipenda, ndui iliishia Merka, pwani ya Somalia, kaskazini kidogo ya Barawa ya Waswahili. Mtu wa mwisho kuipata kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali. Oktoba 1977 aliingia kwenye gari kumwonyesha dereva njia ya kwenda kambi ya waliotengwa. Ndani ya gari mlikuwa na wagonjwa wawili. Safari yenyewe dakika chache tu. Alifanya kazi hospitali lakini hakuwa na kinga. Baadaye alieleza kwamba aliogopa maumivu ya sindano. Wakadhani ana malaria, kisha tetekuwanga, mpaka ikajulikana. Watu aliokutana nao wakasakwa, wakachanjwa, na mnyororo ukakatika hapo.

Makala nyingi huishia hapo, moja kwa moja hadi Mei 1980 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipotangaza ushindi. Mimi naona ni kuruka ukurasa. Kati ya Merka na tangazo lile kuna Birmingham, Uingereza, na mwanamke aitwaye Janet Parker.

Parker alikuwa mpiga picha wa kitivo cha tiba cha chuo kikuu. Hakuwa mtafiti, wala hakushika kichupa cha virusi. Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya juu ya maabara ya Profesa Henry Bedson, mtaalamu wa ndui anayeheshimika. Agosti 1978 akaanza kuumwa kichwa na misuli, kisha vipele. Naye pia, kama Maalin, alidhaniwa ana tetekuwanga. Septemba 11 akafariki, akiwa na miaka 40. Ndiye mtu wa mwisho anayejulikana kuuawa na ndui.

Na msiba haukuishia kwake. Baba yake alikufa ghafla akiwa karantini, moyo ukisimama. Mama yake aliambukizwa, akapona. Bedson, naye karantini nyumbani kwake, alijiua Septemba hiyo hiyo. Mamia ya watu walifuatiliwa.

Sasa tuingie kwenye maabara yenyewe, maana hapo ndipo mambo yanapouma. Kufanya kazi na virusi kama vile kunahitaji vizuizi vya tabaka kwa tabaka: kabati maalumu linalovuta hewa isimfikie mtu, chumba kidogo cha milango miwili kabla ya kuingia, nguo za kubadili, bafu la kuoga wakati wa kutoka. Birmingham hapakuwa na bafu wala mahali pa kubadili nguo, na uchunguzi ulibaini kwamba kazi nyingine ilifanyika nje ya kabati. WHO ilikuwa imekagua mwaka huohuo na kusema hali hairidhishi. Ilitaka maabara zenye ndui zibaki chache sana, na ile ya Bedson ilipangwa kufungwa mwisho wa 1978. Yeye akakimbizana na muda amalize utafiti wake. Kwa hiyo kazi ikaongezeka pale pale ambapo ingepaswa kupungua.

Bado nashindwa kumchukia. Alikuwa anachunguza kama virusi jamaa za ndui kutoka kwa wanyama vingeweza siku moja kuirudisha kwa binadamu, swali la maana kabisa. Lakini hatari aliyoikubali yeye iliangukia mtu wa ghorofa ya juu, ambaye hakuna aliyemuuliza.

Virusi vilipandaje? Kamati ya serikali ilielekeza kidole kwenye njia ya hewa iliyoelekea chumba cha simu alichokitumia Parker. Chuo kiliposhtakiwa mwaka 1979, wataalamu wa utetezi walisema kiasi hicho cha virusi kisingeweza kusafiri hivyo, na mahakama ikakiachia huru. Aina ya virusi ilikuwa ile iliyoshughulikiwa chini. Njia yake ndiyo haikuthibitishwa.

Kinachonikera ni kwamba onyo lilikuwepo zamani. Mwaka 1966 mpiga picha mwingine, jengo lilelile, aliugua ndui ya aina nyepesi. Mwaka 1973 msaidizi wa maabara London aliambukizwa kazini. Watu wawili waliokwenda kumtazama mgonjwa wa kitanda cha jirani wakafa.

Baada ya Birmingham, nchi moja baada ya nyingine ziliharibu akiba zao au kuzikabidhi. Leo rasmi vimebaki vituo viwili: Atlanta, Marekani, na Koltsovo, Urusi. Nasema rasmi, kwa sababu Julai 2014 wafanyakazi waliokuwa wakihamisha vitu kutoka chumba cha baridi huko Bethesda, Marekani, walikuta boksi la vichupa vya miaka ya 1950. Sita viliandikwa jina la ndui. Vilipopimwa, angalau viwili vilikuwa na virusi hai.